Kiti cha kukogea cha kukunja: kukichagua na kukifunga kwenye kuta za Unguja na Pemba

Kiti cha kukunja kikimwangusha mtu bafuni, mara nyingi kiti chenyewe kinakutwa kizima. Kilichoachia ni ukuta: bolti zimetoka pamoja na vumbi lake, marumaru imepasuka, na mzee yuko chini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jua ukuta wako. Karibu viti hivi vyote vinatoka nje, na skrubu zilizomo kwenye boksi zimekusudiwa zege gumu. Nyumba nyingi za visiwani hazina zege gumu mahali unapotaka kukaa.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtu wa kilo 80 akikaa, uzito wake unaangukia kama sentimita 22 kutoka ukutani. Ikiwa bolti ya juu iko sentimita 10 kutoka ukingo wa chini wa bamba la kiti, yaani kile kipande bapa kinachofungwa ukutani, bolti za juu zinavutwa nje kwa nguvu ya kilo 80 mara 22 gawa kwa 10, yaani kilo 176. Bamba likiwa na urefu wa sentimita 20 badala ya 10, mvuto huo unashuka hadi kilo 88. Na hapo mtu amekaa taratibu. Mwenye magoti mabovu hakai taratibu. Anajitupa hatua ya mwisho, na mzigo unaoshuka ghafla unaweza kuzidi mara mbili uzito wake. Ndiyo maana bamba refu lina thamani kuliko mto laini au plastiki inayong'aa.

Ukuta kwanza

Chagua sehemu itakayofichwa na bamba, toboa tundu dogo la milimita 6, halafu tazama unga unaotoka.

Unga wa kijivu, mlaini, na drili inasonga kwa taabu: hilo ni zege au tofali lililoshiba saruji. Ukuta huu hauna shida. Bolti za kutanuka za M8 au M10, yaani zenye unene wa milimita 8 au 10, zinashika vizuri.

Unga wa kijivu wenye chenga za mchanga, na biti inazama upesi: ni tofali la mchanga la inchi 6 lililofyatuliwa kwa saruji haba. Chokoa tundu kwa msumari. Ukibomoka kirahisi, bolti ya kutanuka haifai, maana kazi yake ni kusukuma pembeni, na tofali dhaifu linasukumwa likapasuka. Drili ikiruka mbele ghafla, tofali lina uwazi ndani, na hapo plagi za plastiki hazina cha kushika.

Unga mweupe au wa rangi ya maziwa, mara mgumu mara laini: ni ukuta wa mawe na chokaa, kama ule wa Mji Mkongwe. Ukuta ni mnene, nusu mita na zaidi, na unene huo ndio unaowadanganya mafundi. Jiwe moja moja limekaa ndani ya chokaa laini, na lipu ya juu inaweza kuwa na sentimita 3 hadi 5 kabla hujaligusa jiwe. Skrubu ya sentimita 6 inaweza kuwa imeshika karibu lipu tupu.

Unga mwekundu ni udongo. Ukuta wa fito na udongo usifungwe kiti cha aina hii kwa njia yoyote ile. Tafuta kiti chenye miguu minne chenye vifuniko vya mpira, au jenga barza ndogo ya kukogea juu ya msingi wake.

Tukiwa hapo kwenye barza: pale ambapo bafu lina nafasi na anayelihitaji ni mmoja, barza ya kujengwa yenye kimo cha sentimita 45 na kina cha sentimita 40, yenye mteremko mdogo wa kutoa maji, ni imara kuliko kiti chochote cha duka. Haina bawaba wala kutu. Kiti cha kukunja kina faida palipo na ufinyu, ambapo choo na bafu ni chumba kimoja na watu wa nyumba nzima wanapita hapo.

Kuchagua kiti

Soma uzito kilioandikiwa. Viti vingi vina alama kati ya kilo 110 na 160. Chukua uzito wa mtu mzito kuliko wote wa nyumbani, ongeza theluthi, kisha usishuke chini ya hapo. Kama hakuna namba yoyote kwenye boksi wala kwenye kiti, kiache.

Chumvi ndiyo adui wetu mkubwa. Hewa ya bahari inaingia kila dirisha, na visima vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi. Chuma kilichopakwa kromu kinaonekana kama chuma cha pua, yaani kile kisichoshika kutu, lakini mkwaruzo mmoja tu wa drili unakifungua, na baada ya masika moja utaona michirizi ya kahawia ukutani. Nenda dukani na sumaku. Ikishika kwa nguvu, weka kiti chini. Chuma cha pua cha daraja 304 hakishikwi, au kinashikwa kidogo sana kwenye kona zilizokunjwa. Daraja 316 kinastahimili chumvi zaidi, na kwa nyumba zilizo ufukweni ndicho cha kutafuta, lakini sumaku haiwezi kukutenganishia 304 na 316. Hapo tegemea maandishi ya mtengenezaji. Fremu ya alumini ni nyepesi na nzuri, ila bolti ya chuma cha pua ikigusana moja kwa moja na alumini penye maji ya chumvi, alumini inaliwa. Weka washa ya nailoni kati yake.

Angalia na skrubu zilizomo. Mara nyingi kiti ni cha 304 na skrubu zake ni chuma cha kawaida kilichopakwa. Zitupe, nunua za chuma cha pua.

Kwa sehemu ya kukalia, plastiki ngumu yenye matundu ya kutoa maji ndiyo inayodumu. Mto wa sponji ni raha kwa mgonjwa mkonda anayeumia mifupa, lakini ukichanika unanyonya maji na kuota ukungu, kwa hiyo uwe wa kuvuliwa na kubadilishwa. Mbao za mtiki zinafaa kama zimeachiana milimita 8 hivi na skrubu zake zimefichwa chini. Kwa wanaohitaji kustanji wakiwa wamekaa, chagua kiti chenye uwazi mbele, umbo la kwato. Jambo hili wauzaji hawalitaji, na ndilo linalomwezesha mtu mzima kujisitiri na kujisafisha mwenyewe bila kumwita mtoto wake.

Mwisho, kunja na kunjua mara kadhaa palepale dukani. Kiti kibaki juu bila kushikwa, kishuke bila kujibamiza, na bawaba isiwe na mwanya wa kubana vidole. Kikikunjwa, kisitokeze zaidi ya sentimita 12 hivi kutoka ukutani.

Kama kuna chenye mguu wa kushuka mbele, na ukuta wako si zege, chukua hicho. Mguu unapokea karibu nusu ya uzito na ule mvuto wa kung'oa bolti unakaribia kwisha. Sharti lake ni sakafu ngumu isiyoteleza, na mguu unaorekebishika urefu, kwa sababu sakafu ya bafu ina mteremko.

Kimo na mahali

Mkalishe mwenyewe atakayekitumia kwenye kiti cha kawaida, miguu mitupu, nyayo zimelala sakafuni, na upime kutoka sakafu hadi mkunjo wa nyuma ya goti. Ongeza sentimita 2 au 3. Kwa watu wazima wengi utapata kati ya sentimita 43 na 48. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga huambiwa na daktari asikae chini sana, basi fuata kimo alichopewa. Pima palepale kiti kitakapokuwa, maana mteremko wa sakafu unaweza kukupotezea sentimita 2 kati ya kona mbili za bafu.

Katikati ya kiti kuwe sentimita 45 hadi 50 kutoka ukuta wa pembeni. Chini ya hapo kiwiko kinagonga. Zaidi ya hapo mtu hafikii mhimili wa kushikilia. Na mhimili huo ni lazima. Anayeinuka hushika chochote kilicho karibu, na kama ni bomba la maji au kitundikio cha taulo, atakwenda nacho. Bomba la mhimili liwe na kipenyo cha milimita 32 hadi 38, liachane na ukuta kama sentimita 4 ili vidole vipite na mkono usinase, na lifungwe kwa bolti za aina ileile utakayotumia kwa kiti. Ulale mlalo, sentimita 20 hadi 30 juu ya kikalio.

Sasa fikiria maji yanatoka wapi. Kama kuna shawa ya mkono, kishikio chake kiwe pembeni ya bega, si juu ya kichwa. Lakini mabomba hayatoi maji kila saa, na wengi tunakoga kwa ndoo na kata. Acha sentimita 40 za nafasi upande wa mkono wenye nguvu, uweke stuli ya plastiki au kijukwaa cha tofali kinacholingana na kikalio, ndoo ikae juu yake. Mzee anayeinama kuchota maji kwenye ndoo iliyo sakafuni anaanguka kwa mbele hata kiti kikiwa imara. Kwa anayetawadha hapohapo, kiti kitazame bomba, na mdomo wa bomba uwe ndani ya mkono ulionyooshwa, ili miguu iletwe kwenye maji bila kujisogeza ukingoni. Tundu la choo lisiwe chini ya nyayo zake.

Kufunga kwenye zege au tofali imara

Unahitaji drili yenye nyundo, biti ya marumaru, biti ya saruji ya kipimo cha bolti, pima maji, tepu ya karatasi, futi, spana, pampu ya baiskeli na kipande cha mpira mwembamba, brashi ya chupa, na silikoni isiyonuka siki. Ile inayonuka siki inatoa asidi inayokula chuma na haishiki vizuri kwenye saruji.

Zima swichi kuu ikiwa kuna kipasha maji au taa ya ukutani, na fahamu kwamba waya na mabomba kwa kawaida hupanda na kushuka wima kutoka pale unapoviona. Usitoboe kwenye mstari huo, juu wala chini.

Gonga marumaru kwa ncha ya bisibisi. Inayolia tupu haijashikana na ukuta; ukiibana kwa bolti itapasuka. Ing'oe, ujaze saruji, uirudishe, usubiri ikauke ndipo uendelee.

Shikilia bamba ukutani, lisawazishe kwa pima maji, chora matundu. Kama mabamba ni mawili, yasawazishe pamoja kwa ubao ulionyooka uliolala juu ya yote mawili. Bandika tepu juu ya alama ili biti isiteleze. Toboa marumaru kwa biti yake bila nyundo, kwa mwendo wa polepole, ukinyunyiza maji. Ukishaipita, badilisha biti, washa nyundo, na toboa hadi kina kinachotakiwa. Zungusha tepu kwenye biti kuonyesha kina hicho. Kipenyo cha tundu ni kile kilichoandikwa kwa bolti yenyewe, na usikikisie: bolti ya M8 ya kampuni moja inataka tundu kubwa kuliko ya nyingine. Kina kihesabiwe kuanzia kwenye tofali, si kwenye uso wa marumaru. Marumaru na lipu havishiki kitu.

Puliza vumbi kwa pampu, pitisha brashi, puliza tena. Rudia mpaka kusitoke unga. Vumbi lililobaki ndilo linalofanya bolti izunguke bure baada ya mwezi. Usipulize kwa mdomo. Unga utakurudia machoni.

Pitisha silikoni kuzunguka kila tundu na nyuma ya bamba, lakini acha ukingo wa chini wazi ili maji yakipenya yapate pa kutokea. Ingiza bolti, weka washa, kaza kwa spana ya mkono zamu kwa zamu, kwa mshazari. Washa ikigoma kuzunguka kwa vidole, kaza kama ilivyoandikwa kwa bolti yenyewe na uache. Kukaza kwa nguvu zote ndiko kunakopasua marumaru na kuvunja tofali nyuma yake.

Tofali dhaifu au lenye uwazi

Hapa kuna njia tatu, na iliyo bora ni ile yenye kazi zaidi.

Njia nyepesi ni gundi ya bolti, ile ya mrija wenye dawa mbili zinazochanganyika kwenye pua, pamoja na vifuko vya wavu vya plastiki kwa matofali yenye uwazi. Ingiza kifuko, kijaze gundi kuanzia mwisho wa tundu ukirudi nyuma, sukuma nondo ya hesi ya M10 huku ukiizungusha. Zile sentimita 10 za kwanza za gundi, kabla rangi haijawa moja, zitupe, hazijachanganyika. Joto letu linaigandisha upesi, kwa hiyo weka mrija kivulini na maliza tundu moja kabla ya kwenda jingine. Wakati wa masika ukuta wa nje ukiwa umelowa, ahirisha, isipokuwa gundi imeandikwa inafaa penye maji.

Njia ya pili inafaa ikiwa upande wa pili wa ukuta unafikika: toboa hadi ng'ambo na upitishe nondo ya hesi nzima. Ukuta wa inchi 6 pamoja na lipu pande zote mbili, marumaru, bamba na nati unataka nondo ya kama sentimita 22. Nyuma weka bamba la chuma la milimita 6 au ubao mgumu wa sentimita 20 kwa 30, ili mvuto uenee kwenye matofali mengi. Ikiwa ukuta ule ni wa nje, ziba kila tundu, na paka bamba rangi ya kuzuia kutu.

Njia ya tatu ni kuondoa tofali na kumimina zege. Bomoa eneo la sentimita 45 kwa 45 nyuma ya kiti, hatua kwa hatua, na si chini ya mwamba wa dirisha au boriti. Laza nondo mbili za milimita 10 mlalo, ncha zake ziingie kwenye matofali ya pembeni. Zege ni saruji 1, mchanga 2, kokoto ndogo 4. Eneo hilo linakula kama lita 30 za zege, yaani kilo 10 hivi za saruji. Mchanga wa ufukweni usiuguse, na maji ya kisima cha chumvi vilevile, kwa sababu chumvi yake italipasua zege kutoka ndani kwa kutu ya nondo. Kabla ya kumimina, tengeneza kigezo cha plaiwudi chenye matundu yale ya kiti, uning'inize bolti humo, zimwagiwe zege zikiwa mahali pake. Funika kwa gunia lililolowa siku 7, ukilimwagia maji asubuhi na jioni. Kiti kisikaliwe kabla ya wiki 4. Watu wengi hawana subira hiyo. Ikiwa mgonjwa anakuja kesho, mpe kiti cha miguu kwa mwezi mmoja.

Ukuta wa mawe na chokaa

Ndani ya Mji Mkongwe, uliza kwanza Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kugusa ukuta wa asili. Halafu uzime nyundo ya drili. Mtikisiko wake unaachanisha mawe na chokaa, na lipu inaweza kumomonyoka upande wa pili. Toboa kwa kuzungusha tu. Bolti za kutanuka hazina nafasi hapa hata kidogo. Gundi na vifuko virefu vinavyoingia sentimita 15 au zaidi ndani ya mawe yenyewe ndivyo vinavyoshika, na hata hivyo chukua kiti chenye mguu wa mbele, ukuta ubaki na kazi ya kukizuia kisiyumbe. Kubandua chokaa na kupiga lipu nene ya saruji ili "kuimarisha" kunaufungia ukuta unyevu, na mawe yanaanza kuoza nyuma yake.

Kujaribu kabla mtu hajakaa

Silikoni iachwe saa 24. Kisha jaza viroba vya mchanga vya kilo 25 na uvipange kwenye nusu ya mbele ya kikalio, kimoja kimoja, hadi uzito wa mtumiaji na nusu yake, bila kuvuka namba ya kiti. Kwa mtu wa kilo 65 ni viroba vinne. Viache robo saa. Weka alama ya penseli kwenye ukingo wa juu wa bamba kabla ya kuanza, na ukague: bamba likiachana na ukuta hata unene wa ukucha, au ukisikia mlio wa kuvunjika, shusha na anza upya kwa njia nyingine. Kukaza tena bolti iliyokwishasogea hakutibu kitu.

Wiki ya kwanza mtu asimame karibu na mzee anapokaa na kuinuka, amfundishe kurudi nyuma mpaka miguu iguse kiti, kushika mhimili, ndipo ajishushe. Mkeka wa mpira wenye vinyonyeo uwe chini ya nyayo zake; sakafu yenye sabuni inateleza hata kiti kikiwa hakitikisiki.

Baada ya hapo, kiti kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni, hasa bawaba, na kikunjwe kikiwa kimekaushwa. Kila baada ya miezi 3 jaribu nati kwa spana. Klorini na dawa kali za kusafishia choo zisimwagike kwenye chuma. Zinatoboa hata 316. Silikoni ikigeuka nyeusi, ikwangue yote na upake upya, maana chini ya weusi huo ndiko maji yanakopenya hadi kwenye bolti.